Waya Ufike Hadi Nje ya Ua

Risala ya Kikundi cha Taarabu cha Tunda Jema, Mambrui, kwa Bi Easter Kadii, Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Imesomwa na katibu wa kikundi, Nana Abdalla, mwaka 1987.

Mgeni rasmi, Bi Easter Kadii. Mama zetu mliokaa mikekani. Dada zetu mliotoka Malindi, Gongoni na Adu. Na nyinyi baba zetu mlio nje ya ua, ambao hatuwaoni ila tunawasikia mkikohoa: amani ya Mungu iwe juu yenu nyote.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu Mambrui. Karibu uani. Umevua viatu mlangoni bila kuambiwa, kina mama wameliona hilo na wameshakupenda, kwa hivyo kazi yetu imepungua nusu. Halua iliyo mbele yako usiionee haya. Kahawa imetiwa uchungu makusudi, maana halua ndiyo sukari yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tangu tuliposikia unakuja tumepona magonjwa mengi, hata uvivu.

Tuliambiwa risala iwe fupi. Tumejitahidi, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetuponza. Ulipokuja mara ya kwanza ulisema afisi yako iko tayari kutununulia waya wa maiki, ule mmoja mnene unaobeba nyaya ndogo nyingi ndani yake, ambao mafundi huuita nyoka. Ukasema fungu lililopo linatosha waya mfupi, mpya, wa dukani. Sisi tukasema tunataka mrefu. Ukatuuliza kwa upole wako, "Kwani huo mfupi una ubaya gani, mama zangu?" Tukatazamana, tukacheka, na hakuna aliyejibu.

Leo tumekuja kujibu, na jibu lenyewe ni mtu. Anaitwa Msellem, mume wa mwimbaji wetu Bi Shekha. Ukinunua waya mfupi, Msellem atapoteza mahali pake, na mahali pale kwake si mahali pa kazi tu. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza.

Sasa hivi yuko nje ya ua, nyuma ya makuti haya, na mashine yake. Yeye ndiye anayekufikishia sauti hii. Mvumo unaousikia si nyuki, ni nyaya zetu. Na sauti ikizimika ghafla, mheshimiwa, usidhani ni stima. Ujue kaona haya.

TULIKOTOKA

Tunda Jema ilianza uani kwa marehemu mamake Fatu, kwa kinanda kimoja, tari tatu, na tashkota iliyokuwa imekatika nyuzi mbili. Sote ni wanawake. Tunaimba kwenye sherehe za wanawake, na mwanamume haingii. Si kwamba tunawachukia, la hasha. Bibi arusi ametolewa nje, amepambwa, nywele zi wazi, na mashangazi wazima wanacheza kama wasichana. Hayo si ya macho ya kila mtu. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tupendavyo.

Zamani koo la mtu lilitosha. Zikaja spika, watu wakazizoea, ikawa ukiimba mdomo mtupu wanakuuliza kama unaumwa. Tukachanga, haba na haba, tukanunua mashine ya kuchanganya sauti na maiki nne, vyote vikuukuu. Tulipovifungua hakuna aliyejua kipi kinaingia wapi. Shekha, wakati huo msichana, aligusa kitufe kimoja tu, spika ikapiga ukunga, kuku wa jirani wakaruka juu ya paa. Basi tukamwita fundi redio wa hapa kwetu. Ndiye huyo Msellem, kijana mpole aliyekuwa hazungumzi na mtu ila redio.

Na mwanamume haingii. Kwa hivyo Msellem akakaa kichochoroni, nyuma ya ua. Tukatoboa tundu kwenye makuti, nyaya nne zikapita, mmoja kwa kila maiki. Aliyetumwa kumtafutia kiti alirudi na mbuzi ya kukunia nazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa jikoni. Msellem akaikalia, meno ya mbuzi yakielekea ukutani, na mpaka hii leo anakalia mbuzi. Tumempelekea viti, hataki. Anasema mbuzi haimwachi mtu akasinzia.

Kutoka kule nje haoni kitu. Anasikia tu. Lakini anasikia kuliko sisi, maana ana zile spika ndogo za masikioni, na anaweza kusikiliza maiki moja peke yake, hata kama ameizima kwenye spika kubwa na hakuna mtu mwingine anayeisikia. Hilo tunaomba ulishike, mheshimiwa.

Kusikia huko ndiko kulikomtia mashakani. Jioni moja alirudi kwa shangazi yake, hali, hanywi. Shangazi akambana. Akasema ameisikia sauti, na asipompata mwenye sauti ile basi yeye hataki kuoa.

"Ni yupi?" shangazi akauliza.

"Kwa sura simjui. Ni yule wa maiki ya tatu."

Bibi wa watu akavaa buibui lake, akaja kuuliza nani alisimama kwenye maiki ya tatu. Tukahesabu kutoka mlangoni: moja, mbili, tatu, Fatu. Posa ikaenda kwa kina Fatu, na sinia ya halua juu yake.

Lo! Kumbe Msellem huhesabu kutoka upande wake, nyuma ya makuti. Wa tatu kwake ni wa pili kwetu, na wa pili alikuwa Shekha.

Fatu yupo hapa mbele, mwenye mtandio wa manjano, anajifanya hasikii. Kazi yake ni kupiga tari na kuitikia. Mamake alipomwambia, "Kijana anasema ubeti wako wa mwisho umemkosesha usingizi," Fatu alicheka hata akakaa chini. "Mama, ubeti! Mimi nimeimba ubeti lini? Huyo anamtaka Shekha." Wengine wangenyamaza wakaolewa, maana Msellem alikuwa na kazi na hakuwa na sura mbaya. Fatu akapita mlango wa jikoni, akamfuata shangazi mtu, akamwambia, "Chukua posa yako uipeleke nyumba ya pili. Njia hamkukosea, mmekosea kuhesabu." Halua waliila lakini. Na mpaka leo Msellem akipita, Fatu humwita "mchumba wangu," naye hujikwaa palipo sawa.

TULIYOYAPATA

Tumeimba Malindi, tumeimba Takaungu, tumeimba Gongoni kwa watu wa mashamba ya chumvi. Wasichana wetu watatu wamepata vyerehani kutokana na kikundi hiki. Wagonjwa tumewauguza, wafu tumewazika. Hatujagombana ila kuhusu sare, na sare ndiyo desturi yake.

Tumefika hata Adu, kwa Mzee Kaingu, alipokuwa akiozesha binti yake. Kule hakuna ua wa makuti, wanaume kwa wanawake wanacheza pamoja uwanjani. Mzee Kaingu akamwona Msellem amejichimbia katikati ya mahindi na mashine yake. Akamwendea.

"Mwanangu, unamficha nani? Njoo ukae hapa umwone mkeo akiimba."

"Ahsante, baba," Msellem akasema. "Nikimwona nitamtazama, na nikimtazama sitasikia."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi zake, kisha akampelekea sima na kuku hukohuko kwenye mahindi.

Lakini pato letu kubwa, mheshimiwa, ni kwamba Tunda Jema hujulikana kwa usafi wa sauti, na sauti hiyo ni ya masikio ya Msellem. Anajua nani ana mafua kabla mwenyewe hajapiga chafya. Anajua nani amegombana na mumewe. Mimi ninayesoma hapa hunishusha sauti kila arusi. Nilimwuliza siku moja, "Msellem, maiki yangu ina nini?" Akanijibu kwa adabu zake zote, "Haina kitu, dada. Ni wewe."

YANAYOTUTATIZA

Chumvi ya bahari imezila nyaya zetu. Ukizipasua, shaba ya ndani imekuwa kijani. Watoto wanazirukia kama kamba, bibi arusi mmoja alijikwaa akaangukia mapaja ya mama mkwe, wakapatana siku ileile, lakini hatuwezi kutegemea bahati hiyo kila arusi.

Msellem alijaribu kutuokoa. Alipata waya wa simu kwa muuza vyuma chakavu, ule mnene wenye nyuzi nyingi za rangi, akaulehemu mwenyewe vichwa vya kuchomekea, kichwa baada ya kichwa. Nyumbani ulisema vizuri. Tukaupeleka arusini Malindi, penye zile taa ndefu nyeupe. Taa zilipowashwa waya ukavuma kupita kinanda. Waya wa simu hauna koti la nyuzi za shaba la kuukinga, na sisi hatukulijua hilo mpaka tukaaibika. Mama mmoja mgeni akasema kwa sauti, "Shekha naye amekwisha, masikini." Shekha alisikia. Msellem alisikia pia, kwenye maiki. Waliporudi nyumbani hakuna aliyelitaja.

Hapo ndipo tulipojifunza kuchagua waya, na tunaomba utuvumilie tuseme tulichojifunza. Wenye mabendi ya hoteli wana nyoka wa matundu kumi na sita. Hizo ni mbwembwe. Sisi maiki zetu nne, tashkota na kinanda. Matundu sita yanatosha, manane ni fahari. Kwa hivyo usilipie matundu, lipia koti la shaba. Tazama vichwa kama vinafunguka kwa bisibisi, maana kisichofunguka kikifa kimekufa. Tazama kama kila tundu limeandikwa namba huku na namba ileile kule. Sababu ya namba unaijua, na Fatu anaijua zaidi. Na la mwisho, tazama urefu, na urefu ndio ugomvi wetu wa leo.

Wewe ulishauri hivi: mashine iingie ndani ya ua, mwanamke mmoja ajifunze kuiendesha, na waya mfupi utatosha. Mheshimiwa, ushauri huo ni wa busara, na tuliujaribu. Tuliazima waya mfupi wa bendi ya hoteli moja Malindi kwa arusi moja, tukamchagua Fatu.

Msellem hakununa. Alimfundisha vizuri, kupitia dirisha la duka lake, Fatu barazani na yeye ndani. Mwisho kabisa akamwambia, "Shekha akishika ncha ya mtandio, mzime kwenye spika kubwa. Masikioni mwache."

"Kwa nini?" Fatu akauliza.

"Ndivyo apendavyo."

Tukamwambia Msellem apumzike. Akasema, "Sawa, wala msijali. Hata mgongo utapona." Akaiinua ile mbuzi kutoka kichochoroni, akaipangusa kwa kiganja, akaiegemeza kwenye mlango wa jikoni. Sisi tulimwona, na kila mmoja akajifanya anafunga kilemba chake.

Hapa, mheshimiwa, tunakuja kwenye jambo ambalo risala za watu huwa hazina. Tumemwomba Shekha ruhusa ya kulisema. Alinyamaza. Kwetu binti akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa, nasi tumelichukua hivyo. Ridhaa ya Msellem tutaieleza mwisho.

Msellem na Shekha walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Surua ilimchukua ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya utoto. Hawakupata mwingine. Tangu siku hiyo nyumba yao imekuwa nyumba ya adabu tupu. Hawagombani. Mke anamwekea chakula, naye anashukuru. Mume anamletea kitambaa, naye anashukuru. Lakini Shekha haimbi nyumbani hata akiosha vyombo, na jina la mtoto halitajwi. Nasi hatukulitaja mbele yao miaka yote hii, tukidhani tunawahurumia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tuliuona mtungi kwa nje tu.

Tuliona, kwa mfano, kwamba katika kila arusi, bibi arusi akishatolewa, kabla ya wimbo unaofuata, Shekha hushika ncha ya mtandio, huinamia maiki, midomo yake ikacheza kidogo, na spika hazitoi kitu. Kisha hushika waya wa maiki kwa vidole viwili, akangoja, akainuka, akaimba wimbo wa kumtoa mtu roho. Wengine walisema anasoma dua. Wengine walisema ana mganga. Mungu atusamehe.

Basi siku ile ya waya mfupi, bibi arusi akatolewa. Shekha akashika ncha ya mtandio. Fatu, pale kando kwenye mashine, akafanya alivyofundishwa. Akamzima kwenye spika kubwa, akamwacha masikioni. Na Shekha, kwa mazoea ya miaka, akasahau kwamba nyuma ya makuti hakuna mtu.

Fatu akamsikia akisema, "Babake, ametoka. Amevaa kijani. Ana shingo kama ya mama yako, na anatembea haraka, hajui kuringa. Mwanetu naye angekuwa hajui kuringa. Kimo ndicho hichohicho, babake. Wangelingana." Na akamtaja mtoto kwa jina lake.

Halafu akaushika waya kwa vidole viwili, akangoja.

Fatu hakujua anangoja nini. Baadaye ndipo tulipoambiwa. Msellem hana maiki kule nje, hawezi kujibu. Kwa hivyo akishasikia huuvuta waya kidogo, mara mbili, naye Shekha huupata mvuto ule vidoleni, akajua amesikiwa. Hivyo ndivyo watu wale wawili walivyokuwa wakimzungumza mtoto wao: katika arusi za watoto wa wenzao, huku makuti yako katikati, mke anasema na mume anavuta waya. Kwingine kokote hawakuweza.

Siku ile waya haukuvutwa. Shekha akangoja. Akainua macho, akamwona Fatu ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanamtiririka mpaka kwenye vitufe. Hapo akakumbuka. Alimwashiria mpiga tashkota apige bila maneno, akaenda akakaa nyuma ya mapazia. Fatu alimfuata, akamwambia, "Shoga yangu, nisamehe. Maneno yako leo yamekosea nyumba." Wakalia pamoja, na sisi tukaendelea kupiga tashkota mpaka watu wakaanza kuulizana.

Na Msellem? Alikuwa amekaa barazani kwake, ameifungua redio isiyo na ubovu wowote, ameitandaza juu ya jamvi. Ametusimulia mwenyewe. Spika zetu alizisikia kwa mbali. Akasikia vigelegele, akajua bibi arusi ametoka. Akasikia kimya, akajua ndio wakati. Mkono wake ukatafuta waya juu ya jamvi. Hapakuwa na waya. Anasema hapo ndipo ilipompata ile hofu, kwamba yule mama yuko kule peke yake na maneno yake, na hakuna wa kuyapokea. Anasema alipomzika mtoto alijikaza, lakini siku ile pale barazani hakuweza tena kujikaza.

Shekha aliporudi hata buibui hajavua, Msellem alikuwa amesimama mlangoni. Mtu ambaye hajawahi kuuliza jambo ndani ya nyumba ile akauliza kwa mdomo wake:

"Bibi arusi alikuwaje?"

Shekha hakuvuka kizingiti. Akasema, "Alivaa kijani." Kisha akamweleza yote, pale pale mlangoni, na la mtoto akalisema, na jina akalitaja, na Msellem akamshika vidole vyake viwili akavivuta kidogo. Wali ulipoa, wakaula hivyohivyo.

TUNALOOMBA

Mheshimiwa, sasa utasema: ikiwa wameshasemezana nyumbani, waya mrefu wa nini tena? Nasi tulimwuliza Shekha swali hilohilo. Alisema, "Nyumbani tumeanza tu. Kuna siku tunaweza, kuna siku tunashindwa. Lakini kuna maneno yangu ambayo hayatoki ila penye ngoma, na huyo ndiye ayajuaye." Tulipomwuliza Msellem, alisema tununue mfupi, tusimsumbue afisa. Usimsikilize. Mtu huyo angekaliwa na mbuzi badala ya kuikalia, angesema hajambo.

Fatu naye amekataa kuigusa mashine tena. Anasema ameshawahi kupewa kisichokuwa chake mara moja, na mara moja yatosha.

Ombi letu ni hili. Bendi ile ya hoteli inapata waya mpya, na wa zamani wanauuza. Ni mrefu, unatoka jukwaani ukapita ua na kichochoro ukabaki. Una koti la shaba. Una matundu manane, mawili yamekufa, na Msellem amekwisha kuyatazama, anasema ni risasi ya kiungo tu iliyoachia, ni kazi ya kulehemu. Namba zimeandikwa huku na huku. Na bei wanayotaka haipiti bei ya ule mfupi mpya. Kwa maneno mengine, hatukuombi uongeze fungu. Tunakuomba fungu lilelile likanunue waya mwingine.

Tunajua afisi yako hainunui vitu vikuukuu, ina sheria zake, na risiti lazima itoke dukani. Hatuombi uvunje sheria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumeinama: tutatia sahihi popote, tutaleta mafundi waukague, tutauleta mbele ya wakubwa wako tuimbe nao mpaka waridhike. Ukiona hapana njia kabisa, tuambie wazi, tutaendelea na nyaya hizi zinazovuma, na Msellem ataendelea kukaa pale. Waya mfupi, kwa heshima zote, hatutaupokea.

DUA

Mheshimiwa Bi Easter, Mungu akupe wepesi katika kazi yako na akulinde safarini. Akuzidishie watu wa kukusikiliza, hasa nyumbani kwako. Awape afya wazee wetu walio nje, na awape subira, maana halua yao tumeisahau hapa ndani.

Tunawaombea rehema waliotutangulia katika kikundi hiki. Mungu amrehemu mamake Fatu, aliyetupa ua wake.

Na hapa tunaeleza lile la ridhaa. Tulipokuwa tukiandika risala hii, Msellem alifika mlangoni kwangu. Hakuingia. Akauliza, "Mwishoni mtataja marehemu?" Nikasema ndiyo. Akageuka kama anayekwenda zake. Kisha akasema, "Mtajeni na mwanangu." Nikamwuliza kama tumtaje kwa jina. Akasema, "Kwa jina, dada. Na kwenye maiki, na safari hii sitakushusha sauti."

Basi kina mama tusimame, na baba zetu huko nje wasimame.

Mungu amrehemu Tima, binti wa Msellem na Shekha, aliyekuwa akipenda kulala chini ya kinanda mama yake akifanya mazoezi. Mwaka huu angekuwa wa kuolewa, na arusi yake tungeiimba sisi.

Ni sisi wenu,
Kikundi cha Taarabu cha Tunda Jema,
Mambrui.